Tepu Hewa na Kitambaa Cheupe

Tepu zetu ziliota kuvu. Asiyewahi kuishi Njombe atadhani natania. Kule ukisahau viatu vya kanisani chini ya kitanda tangu Machi mpaka Juni, unavikuta vimeota manyoya meupe. Tepu za kompyuta nazo zinataka mahali pakavu, na ofisi yetu ilikuwa nyumba ya zamani ya matofali, dari linavuja na ukuta wa nyuma hauonji jua mwaka mzima.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa, mitumba imejaa kila gulio, na wenye simu za mkononi walizishika mkononi ili tuzione. Wafadhili nao walikuwa wengi. Shirika letu lilihudumia yatima, na kazi yake moja niliipenda kuliko zote: kuwatunzia watoto kumbukumbu za wazazi wao. Mzazi aliyejua kuwa siku zake zimebaki chache alikuja akapigwa picha, kisha akamwandikia mwanawe barua, au akasema maneno yake na sisi tukamwandikia. Vyote niliviingiza kwenye kompyuta kubwa ya ofisi, karatasi na picha vikarudi kwa familia. Waliniita dada wa kompyuta. Nilikuwa na cheti cha miezi sita na majivuno ya miaka sita.

Pale ofisini alikuwepo mama mmoja mhudumu, mtu wa Mdandu. Alifagia, alichemsha chai, alifungua ofisi asubuhi kabla yetu sote. Kila palipokuwa na meza tupu alitandika kitambaa cheupe cha kufuma kwa mkono wake: juu ya redio, juu ya kabati la mafaili, juu ya kiti cha mgeni. Mkurugenzi alishakata tamaa ya kumkataza.

Binti wa mama huyu alikuwa mmoja wa wazazi wale. Alikuja mwenyewe, amekonda, amevaa sweta jekundu, akaketi mbele ya kamera akacheka. Barua yake niliiingiza mimi. Ilikuwa ukurasa mmoja na nusu, kwa mtoto wake wa kike aliyekuwa bado ananyonya. Miezi michache baada ya mazishi, nyumba ya mama kule Mdandu iliungua. Cheche ya jikoni na nyasi kavu, basi. Hakuna aliyeumia, lakini picha na barua ya binti vilikuwa ndani ya sanduku la bati na vilikwenda na moto.

Kwa hiyo vilibaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya kompyuta yetu. Kila Ijumaa baada ya chai mama alikuja mezani kwangu, anafuta mikono kwenye khanga, anasema, "Mwanangu, nionyeshe kidogo." Nilimfungulia. Anatazama dakika mbili tatu, anasema ahsante, anarudi jikoni. Tulijaribu kumchapishia, lakini printa yetu ilikuwa ya wino mweusi na uso wa yule binti ulitoka kama doa la masizi. Kwenye disketi picha haikuenea. Mkurugenzi aliahidi ipo siku itachapishwa kwa rangi, na siku yenyewe ilikuwa haijafika.

Sasa, tepu zilipoota kuvu, wafadhili walituletea seva ya ajabu. Ilikuwa kompyuta inayojifanya mashine ya tepu. Ile kompyuta kubwa ilizoea kuandika nakala zake kwenye tepu, haikujua njia nyingine, basi hii mpya ilikaa pembeni ikaidanganya: leta, mimi ni tepu. Kumbe ndani ni diski tupu, hakuna utepe hata wa kufungia zawadi. Nilizibatiza jina la tepu hewa, kwa kuwa magazeti siku hizo yalikuwa yamejaa habari za wafanyakazi hewa. Tofauti ni kwamba tepu hewa zetu zilifanya kazi.

Zilifanya kazi mpaka zikajaa. Picha zilikuwa nyingi kuliko alivyokadiria mtu yeyote, na ilipofika mwezi wa tano seva ikakataa kupokea kitu. Mwezi mzima hatukuwa na nakala kamili: ile ya seva iliishia njiani, picha nyingi hazijaingia, na za zamani zilikuwa zile za kuvu. Kisha kompyuta kubwa ikaanza kukwaruza. Ukisogeza sikio uliisikia, krr, krr, kama mtu anayesaga meno usingizini. Nilijua maana yake: diski yake inakufa.

Nikapiga marufuku kuifungua bila sababu. Ijumaa ile mama alipokuja na khanga yake nilimwambia hapana. Nikamweleza kwamba mashine inaumwa, kila tunapoigusa tunaipunguzia siku, tusubiri sanduku la diski linalotoka Dar es Salaam. Tutaliunganisha na seva, nafasi itapatikana, tutachukua nakala ya kila kitu. Akauliza swali moja tu.

"Na ikifa kabla sanduku halijafika?"

Nikamwambia haitakufa, kana kwamba najua. Akaitika, akaenda zake. Ijumaa nne zilipita hivyo, na kila Ijumaa nilijifanya nimeshughulika sana saa ya chai.

Sanduku lilikuja kwa lori mpaka Makambako. Mizigo ya Dar ilikuwa inashushwa pale njiapanda, nasi tulikuwa na mfanyabiashara mmoja aliyetupokelea, mzee wa Kiislamu mwenye asili ya Kondoa aliyekuwa na duka la magodoro. Nilipanda gari la alfajiri nikamkuta anafungua milango.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti yangu. Mgeni wako kafika salama, alhamdulillahi. Nimeambiwa hataki kutikiswa, basi nimemlaza kwenye godoro jipya kabisa. Mimi mwenyewe nyumbani nalalia la zamani."

Kweli, sanduku lilikuwa katikati ya godoro la futi sita, limefunikwa nailoni, na kijikaratasi juu yake: SI YA KUUZWA. Nilicheka mpaka nikasahau usingizi. Mzee akanitafutia pikapu iliyokuwa inapeleka mabati Njombe, na kwa kuwa mbele palishajaa nilikaa nyuma, juu ya mabati, sanduku mapajani.

Kuanzia Lyamkena ukungu ulikuwa mzito, na mbele kidogo ukageuka manyunyu. Nailoni ilikuwa moja, nikalizungushia sanduku. Mimi nikabaki na koti langu la sufu, la mtumba, zito, lililokunywa maji yote ya njia ile. Nilifika Njombe meno yanagongana, lakini sanduku lilikuwa kavu kama lilivyotoka dukani.

Mama alinipokea na chai. "Kamwene," akanisalimu, nami sikuitikia vizuri kwa kutetemeka. Akanitazama, akatazama sanduku. 

Kazi ya kuunganisha niliidhania ya nusu saa. Kulikuwa na kebo moja nene yenye kichwa cha pini nyingi, upande mmoja kwenye sanduku, upande mwingine nyuma ya seva, unakaza skrubu mbili, unachomeka umeme. Nikawasha seva kwanza, kwa sababu ndiye mkubwa, halafu sanduku. Taa za kijani zikawaka zote, feni zikavuma. Nikatazama kwenye kioo kama seva imeona diski mpya. Haikuona.

Nikazima, nikawasha. Seva kwanza, sanduku baadaye. Haikuona. Nikageuza kebo, nikapuliza pini, nikakaza skrubu mpaka kidole kikachubuka. Pembeni kompyuta kubwa inasaga meno. Mhasibu akachungulia akauliza kama nimejaribu kuzima na kuwasha, nikamjibu maneno ambayo mama yangu mzazi hakunifundisha. Mimi hasira zangu ni za moto wa mabua. Zinawaka upesi, zinazimika upesi, lakini katikati hapo kuna kitu kinaungua.

Saa nane nikanywea, nikampigia fundi wa Dar aliyetuuzia. Simu ilikuwa inakwaruza kama ile kompyuta.

"Ulianza kuwasha kipi?" akauliza.

"Seva."

"Basi ndiyo hapo. Seva inapoamka inabisha hodi mara moja tu kwa vyote vilivyounganishwa nayo. Sanduku likiwa limelala, seva inajua hakuna mtu, inaendelea na mambo yake. Washa sanduku kwanza, subiri diski zake zote zitulie, ndipo uamshe seva."

Nilikata simu bila kuaga. Nikawasha sanduku, nikahesabu dakika tatu kwa saa ya ukutani, nikawasha seva. Diski zikaonekana, zote nane, zimejipanga kwenye kioo. Nilipiga kelele ya furaha mpaka mhasibu akarudi kuchungulia, na safari hii nilimkumbatia.

Yaliyobaki yalikwenda vizuri. Nikaiambia seva kwamba nafasi ile mpya ni yake, ikaiandaa, nikaiagiza itengeneze tepu hewa mpya, nikaiamuru kompyuta kubwa ianze kunakili kila kitu tangu mwanzo. Ilipofika saa kumi na moja namba zilikuwa zinatembea polepole, na hesabu ya seva ilionyesha kazi itaisha asubuhi. Nyuma ya sanduku feni zilitoa hewa ya moto, hewa nzuri mno. Pale Njombe mwezi wa sita mahali penye joto hapapitwi bure. Paka ataketi, mtu ataota mikono. Nilisimama pale mpaka miguu yangu ikapata uhai. Halafu nikajifunga khanga mbili za kuazima kwa mama na kwenda nyumbani.

Kesho yake nilifika saa tatu. Mlangoni tu niliiona taa nyekundu kwenye sanduku, taa ya onyo la joto, ile ambayo kijitabu kilisema ikiwaka ujue umeharibu. Na juu ya sanduku, kimetandazwa vizuri, pembe nne zimelingana, kitambaa cheupe cha kufuma.

Sikuuliza. Nilikivuta kile kitambaa, nikamwita mama kwa sauti iliyowatoa watu wote vyumbani.

"Hii si kabati la vyombo! Hii ni mashine, inapumua! Umeiziba, umeiunguza! Unajua kilichomo humu wewe? Unajua?"

Alisimama mlangoni na ndoo. Alikuwa anajua kilichomo kuliko mtu yeyote kwenye nyumba ile, na mimi nilijua kwamba anajua, na bado nilisema. Watu walitazama sakafu. Mama akaja akachukua kitambaa chake mkononi mwangu, akakikunja mara mbili, akasema, "Nimesikia, dada." Hakuniita mwanangu. Akatoka kwenda kufagia uwanja, ambao alikuwa ameshaufagia.

Koti langu lilikuwa kwenye kiti, limekunjwa. Nikalivaa, kwa sababu baridi ilikuwa kali, nikaketi.

Kioo cha seva kiliandika kwamba kazi imekamilika, ila kuna maonyo. Nikakisonya. Imekamilikaje wakati sanduku limeungua? Niliamua moyoni kwamba tepu zote ni mbovu, nirudie upya. Nikaanza kupanga kurudia, na sikufika mbali. Saa sita kasoro kompyuta kubwa ilitoa mlio mrefu mwembamba ambao sijausahau, kisha kukwaruza kukakoma. Kioo kikawa cheusi. Nilijaribu kuiwasha mara kumi, na mara ya kumi nilikuwa nalia.

Sasa palikuwa na tepu hewa tu, ambazo mimi mwenyewe nilishazihukumu. Nikafungua daftari la seva, pale inapoandika kila kilichotokea na saa yake, nijue maonyo yalianza wapi ili nijue tepu ipi niikatie tamaa.

Onyo la kwanza la joto liliandikwa saa moja kasorobo jioni. Nikalisoma mara mbili. Saa moja kasorobo jioni mama alikuwa kwake, na mimi nilikuwa nimetoka ofisini muda si mrefu. Maonyo yalifuatana usiku kucha, sanduku linaandika kwa kusuasua, linarudia, linasubiri lipoe. Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, ghafla, joto likashuka. Baada ya hapo hakuna onyo hata moja; ile taa nyekundu ilikuwa ya usiku, haizimiki mpaka mtu aizime. Kazi ikaenda mbio ikaisha saa mbili na nusu.

Saa kumi na mbili na nusu ndiyo saa mama anafungua ofisi.

Nilikaa na saa zile kwenye kioo, na kitu kikaanza kunisogelea taratibu. Koti nilikuwa bado nimelivaa. Mikono yake ilikuwa imekauka, imekakamaa kidogo, mgongo umekauka zaidi. Jioni ile, wakati naota ile hewa nzuri, nilivua koti langu lililolowa nikalitundika nyuma ya sanduku, palepale kwenye feni, likauke. Koti zito la sufu, limejaa maji. Niliona ni akili. Kila mtu wa Njombe angeona ni akili.

Wahenga walisema hasira hasara, na mimi hasara yangu nilikuwa nimemwekea mwingine mabegani, mbele ya ofisi nzima.

Ningetoka saa ileile nikamwombe radhi. Sikutoka. Niseme ukweli, niliogopa. Niliona nikienda mikono mitupu, niseme koti lilikuwa langu na picha ya mwanao sijui kama ipo, nitakuwa nimempiga mara mbili. Nilitaka niende na kitu. Kabatini palikuwa na diski moja ya akiba. Nikaifunga kwenye kompyuta kubwa, nikaanza kuipandishia mifumo yake upya, na kazi hiyo ilinila siku ile na ya pili yake. Mama alileta chai kama kawaida, akaweka kikombe, akaondoka. Vitambaa vyake vilikuwa vimetoweka ofisini kote. Redio ilikaa uchi. Hata mkurugenzi aliuliza kulikoni, na mimi ndiye niliyeinamisha kichwa.

Ijumaa asubuhi nikaanza kurudisha kumbukumbu kutoka tepu hewa. Tepu ya kwanza, nzima. Ya pili, nzima. Ya tatu ndiyo iliyoandikwa katikati ya lile joto, na faili la binti wa mama lilikuwa humo. Ilikwenda, ikasimama, ikakaa palepale dakika nzima, ikaendelea. Saa nne na robo ikasema imekamilika.

Nilifungua faili lake. Sweta jekundu likatokea kwanza, kutoka chini kwenda juu jinsi kompyuta ile ilivyozoea kuchora picha, halafu shingo, halafu lile cheko. Barua ilikuwepo, ukurasa wa kwanza na ile nusu.  Nilikwenda jikoni nikamkuta anapepeta mchele wa watu, nikamwambia, "Mama, ni Ijumaa."

Alikuja anafuta mikono. Alisimama mbele ya kioo muda mrefu kuliko Ijumaa zote. Nilimwachia kiti changu akakaa, jambo ambalo hakuwahi kulikubali.

"Sweta hili nilimfumia mimi," akasema. "Uzi wake niliununua Makambako."

Nilikuwa nimejiandaa kusema maneno mengi. Yalitoka machache. "Mama, lile koti lilikuwa langu. Nililitundika nyuma ya sanduku, ndilo lililoleta joto. Kitambaa chako hakikufanya kitu. Nisamehe."

"Najua," akasema, macho kwenye kioo.

"Ulijua?"

"Nilifungua mlango nikalikuta sanduku linalia, pi, pi, pi, kama kifaranga kilichopotea. Nikaligusa, moto. Koti limeziba pale linapotolea pumzi. Nikaliondoa, likanyamaza. Nikakunja koti, nikakuwekea kitini."

"Mbona hukusema? Nilikufokea mbele ya watu wote."

Akanigeukia. "Ulirudi umelowa kwa kulifunika sanduku hili, mwanangu. Niliona. Nianze kulisema koti lako?"

Nililia, na sikuona haya. Alisubiri nimalize. Nikamuuliza, na kile kitambaa je, alikiweka cha nini juu ya sanduku?

"Si uliniambia wale wa picha watahamia humo?" akasema. "Humo ndani yumo mwanangu. Nyumba yake ikae bila kitambaa?"

Nikamwomba akilete. Kilikuwa kwenye mkoba wake, bado kimekunjwa mara mbili. Alikitandaza juu ya sanduku, akavuta pembe zikalingana, kisha akapitisha mkono nyuma, kwenye feni, kuhakikisha hewa inatoka.